Silvia S14 na turbo ya bei yangu: shajara ya Lubumbashi

Mwezi wa 5, tarehe 4

Bon, naanza kuandika leo juu nimechoka kuweka vitu kichwani, kiisha nasahau bei, nasahau vipimo, na kesho yake nauliza tena maneno ile ile. Gari ni Nissan Silvia S14, moteri ni SR20DET, lita 2, silinda nne, kiwandani ilitoka na nguvu za farasi 220. Ilitoka Japani, ikashukia Dar es Salaam, ikapanda mpaka Tunduma, ikakata Zambia yote na kuingilia Kasumbalesa, usukani uko kulia kama magari mengi ya huku kwetu. Niliinunua ikiwa tayari imechoka lakini bodi haina kutu, na hiyo njo ilinifanya nitoe pesa.

Shida yake ni turbo, ile pampu inayozungushwa na moshi wa moteri ili iisukumie moteri hewa zaidi. Ukikanyaga inatoa moshi wa bluu, inalia kama filimbi iliyopasuka, na nguvu hamna. Mwezi wa 3 nilishajaribu kuitengeneza kwa bei rahisi, nikanunua katriji ya kuiga, ile sehemu ya katikati yenye shafti na beringi, dola 180, tukaipachika kwenye nyumba za zamani. Ilikaa wiki tatu tu. Nilimkasirikia sana aliyeniuzia, nilimwambia mbele ya watu kwamba ameniuzia chuma cha kutupa.

Leo nimetoa bomba la hewa nikashika shafti kwa vidole. Kwa turbo ya bushi, ile isiyo na gololi, kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida, juu shafti inaelea ndani ya mafuta na ikiwa kavu utaisikia inatikisika, ila ukiisukuma na kuivuta, mbele na nyuma, usisikie kitu. Yangu inaenda mbele na nyuma mpaka inatoa sauti, na mapanga ya kompresa, upande unaosukuma hewa, yameanza kula ukuta wa nyumba yake. Imekufa, hakuna mjadala.

Niko na dola 900, ndizo nilizoweka tangu Noeli, na hakuna zingine mpaka mwisho wa mwaka. Ninachotaka ni farasi 250, gari ya kwendea kazi kila siku, na siku ya Yenga, Jumapili, nitoke nayo kidogo njia ya Likasi. Sitaki gari inayolala mpaka mizunguko 4,500 kwa dakika halafu inaamka kwa hasira.

Mwezi wa 5, tarehe 11

Nimepita Kampemba kwa papa fundi mmoja ambaye amefanya kazi ya makamyo ya migodi miaka mingi kuliko umri wangu. Uwanjani kwake kuna turbo zimelala chini kama viazi. Akaniinulia moja kubwa, Holset HX35, akapangusa vumbi kwa mkono, akaniambia: «Mwana, hii ya kamyo haikufaka. Dola mia, ubebe.»

Nakiri moyo ulitetemeka. Dola mia! Na ni kitu kizuri kweli, huko nje watu wanaiweka kwenye moteri za petroli na zinatoa farasi 400 na zaidi. Lakini nilimuuliza, papa, hii ilikuwa imefungwa kwenye moteri ya lita ngapi? Akasema Cummins ya lita 5.9. Hapo njo nikaanza kufikiri vizuri. Ile tabini, gurudumu linalozungushwa na moshi, ilichongwa kwa ajili ya moshi wa lita karibu sita. Moteri yangu ni theluthi ya hiyo. Itabidi nizungushe sana, 4,500 ao hata zaidi, kabla ya moshi wangu mdogo haujaweza kuizungusha, na pa Lubumbashi ni wapi utaendesha juu ya 4,500 muda mrefu, kati ya mashimo, taksi-basi na watoto wa shule? Nikifika pale nguvu inapoanza, ni wakati wa kushika breki.

Akanionyesha ya pili, CT26 iliyotoka kwenye Land Cruiser ya zamani ya 1HD-T, lita 4.2 ya mazutu, yaani dizeli. Jina CT26 liko pia kwenye Celica na Supra za petroli za miaka ile, kwa hiyo vijana wengi wanadhani ni kitu kimoja. Si kimoja. Nyumba na flenji zinatofautiana, na hata ingekuwa sawa, kolekta yangu, bomba linalokusanya moshi kutoka silinda, ina flenji (uso wa kufungia boliti) ya aina ya T25, CT26 haikai pale. Maana yake nichomelee kolekta mpya, nibadilishe bomba la moshi, nibadilishe mabomba ya mafuta na maji. Turbo ya dola mia inageuka ya dola mia sita kabla hujawasha gari.

Kuna jambo lingine la turbo za mazutu ambalo nataka libaki hapa kwa maandishi, juu naona watu wanapoteza pesa. Moshi wa mazutu ni wa baridi kuliko wa petroli. Ukikanyaga moteri ya petroli yenye turbo kwa nguvu, moshi unafika digrii 900 na zaidi, mazutu mara nyingi iko chini ya hapo kwa digrii mia moja ao mia mbili. Turbo za kisasa za Hilux na Prado za D-4D, moteri za mazutu za Toyota, zina vijipanga vinavyofunguka na kujifunga ndani ya nyumba ya moshi, ndiyo zinaamka mapema vile, lakini vijipanga hivyo vimetengenezwa kwa joto la mazutu, ukizipa joto la petroli vinakwama. Porsche ndio walioweka aina hiyo kwenye 911 Turbo ya petroli, mwaka 2006, na walilazimika kutumia chuma maalumu kinachovumilia joto, si chuma cha kuokota uwanjani.

Nilimshukuru papa, nikamnunulia kinywaji baridi, nikarudi mikono mitupu. Hakukasirika. Aliniambia tu: «Basi piga hesabu zako, kiisha urudi unifundishe na mimi.»

Mwezi wa 5, tarehe 13, usiku

Hesabu, basi. Umeme umekatika, naandikia simu na tochi.

Turbo kwanza ni pampu ya hewa, na nguvu inatoka kwenye uzito wa hewa unayoingiza, presha pekee haitoshi kukuambia. Kanuni ya mafundi ni kwamba kilo moja ya hewa kila dakika inakupa karibu farasi 22. Nataka 250, gawanya kwa 22, nahitaji kilo 11.4 za hewa kila dakika. Moteri ya lita 2 kwa mizunguko 6,500, ikijaza silinda zake asilimia 90, inameza kama mita za ujazo 5.8 kila dakika. Kwa hiyo kila mita ya ujazo inayoingia kwenye silinda lazima iwe na karibu kilo 2 za hewa, na hewa ikiwa imetoka interkula, kile kipoza hewa, na digrii 50, presha yake inabidi iwe bari 1.8 kamili, yaani ukihesabu kuanzia sifuri ya kweli na siyo sifuri ya geji.

Sasa hapa ndipo penye jambo ambalo sijasikia mtu yeyote wa garaji za kwetu analisema. Kwenye usawa wa bahari, Dar ama Yokohama, hewa yenyewe tayari ni bari 1. Mtu wa kule akitaka 1.8 anaongeza 0.8 na geji inasoma 0.8. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Hewa yetu ni bari 0.88, pungufu kwa asilimia 12 hivi. Ili nipate 1.8 ile ile lazima niongeze 0.92. Na si geji tu. Turbo yenyewe inahesabu kuzidisha, haihesabu kujumlisha: hewa inayotoka gawanya kwa hewa inayoingia. Ukiweka na hasara za filta na interkula, wa Dar anaiomba turbo yake izidishe mara 1.94. Mimi naiomba mara 2.24. Kazi ile ile, farasi wale wale, lakini turbo yangu inazunguka kwa kasi zaidi na inapika hewa zaidi. Nimepiga hesabu ya joto pia, hewa ikiingia na digrii 30 na kompresa ikiwa na ufanisi wa asilimia 72, kule inatoka na digrii 118, huku 139. Na kama turbo ni ndogo mno na imesukumwa mpaka ufanisi ukashuka asilimia 60, inatoka na digrii 160. Hiyo ni hewa ya kuchoma, moteri inaanza kugonga, yaani mchanganyiko unalipuka wenyewe kabla ya wakati, na pistoni za SR20 hazipendi kugongwa.

Kwa hiyo turbo inayotosha pwani inaweza kuwa ndogo huku, na mtu wa Goma ama Bukavu, wao wako kama mita 1,500, kwao ni vibaya zaidi kuliko kwangu. Ukisoma ushauri wa mtu wa Japani ama Uingereza anasema turbo fulani ni sawa kwa farasi 250 kwa presha 0.8, yeye hakudanganyi, ila anapumua hewa nyingine.

Na hii si habari mpya. Turbo karibu izaliwe kwa sababu ya milima! Mswisi Alfred Büchi alichukua hati ya uvumbuzi mwaka 1905, lakini mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alibeba moteri ya ndege, Liberty V12, mpaka juu ya mlima Pikes Peak kule Colorado, karibu mita 4,300, kuonyesha kwamba turbo inairudishia moteri nguvu ambazo hewa nyepesi imeiibia. Gari za watu wa kawaida zilikuja kupata turbo 1962 tu, Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair. Nalipenda jambo hili sana. Kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wa mahali pa juu, halafu sisi wa mahali pa juu tunakichagua kwa jina lililoandikwa juu yake.

Mwezi wa 5, tarehe 20

Nimekaa na orodha. Majina ya Garrett yanasomeka ukishajua: GT2860RS, 28 ni ukubwa wa familia, 60 ni kipenyo cha gurudumu la kompresa upande mkubwa kwa milimita, R ni beringi za gololi badala ya bushi. GT2871R basi ni familia ile ile lakini gurudumu la milimita 71, milimita kumi na moja zaidi ni tofauti kubwa mno kwa vitu vidogo kama hivi.

GT2871R nimeitoa mapema. Ni ya mtu anayetaka farasi 300 na kupanda. GT2860RS ndiyo ningeichagua kama pesa ingekuwepo, kwenye chati yake, ile inayoonyesha ufanisi wa kompresa kwa kila presha na kiasi cha hewa, ile nukta yangu, kuzidisha mara 2.24 na hewa yangu ile, inaangukia katikati kabisa ya visiwa vya ufanisi mzuri. Lakini mpya inakula bajeti yote na kudai nyingine. Na hizo za kuiga zenye jina lile lile kwa dola 200, nimeziangalia, nyingine zina hata kibandiko. Sisemi zote ni mbaya. Nasema mtu asipokuambia gurudumu limesawazishwa wapi na beringi ni za nani, kitu kinachozunguka zaidi ya mara 100,000 kila dakika sitakiweka sentimita chache kutoka kwenye mafuta ya moto.

Nikabaki na mbili. Kwanza, kutengeneza T28, turbo yangu hii ya S14, kwa katriji nzuri ya bushi. Pili, T28 ya okazio, yaani iliyokwisha kutumika, kutoka Silvia S15, ile iliyotoka 1999 na farasi 250 kiwandani. Ya S15 ni ya gololi, inaamka mapema, na kitu kikubwa kuliko vyote, flenji ni zile zile. Inakaa kwenye kolekta yangu, inafunga kwenye bomba langu la moshi, hakuna kuchomelea. Yaya yangu, mkubwa wangu wa kuzaliwa, aliniuliza mbona nang'ang'ania flenji kama vile ndiyo inayovuta gari. Nikamwambia flenji ndiyo inayovuta pesa. Alicheka lakini nilikuwa nasema kweli, nimeona kijana mmoja Katuba ana turbo nzuri sana imekaa kwenye karatasi mwaka wa pili sasa juu hana pesa ya kolekta.

Basi ni S15. Farasi 250 kwa S15 ni kwa hewa ya Japani, najua, huku nikitaka 250 naisukuma zaidi ya kiwanda. Kwenye chati ya turbo inayofanana nayo bado niko ndani, si katikati lakini ndani. Nimekubali hivyo.

Mwezi wa 6, tarehe 2

Nimepata. Dola 480, muuzaji yuko Dar, alinitumia video akizungusha shafti kwa kidole, inazunguka muda mrefu na kusimama pole pole. Nilimwomba picha ya ncha za mapanga ya kompresa kwa karibu, juu turbo iliyokula vumbi inaonekana pale, ncha zinakuwa butu kama kisu kilichonolewa kwenye sementi. Ziko kali. Usafiri na ushuru 70.

Mwezi wa 6, tarehe 29

Imechelewa, imefika. Hakuna la kusema zaidi, imefika nzima.

Wakati nangoja nilinunua geji mbili, ya presha na ya mchanganyiko wa hewa na esansi, yaani petroli, 150 zote. Watu wananiambia geji ni mapambo. Bila hiyo ya mchanganyiko unaendesha turbo ukiwa umefumba macho, moteri ikikosa esansi haikuambii mpaka pistoni itoboke. Gasketi mpya, bomba jipya la mafuta lililosukwa, boliti, 95.

Injekta, vinyunyizio vya esansi, za S15 za okazio, 105. Hesabu yake ni hii: moteri ya turbo ikikanyagwa inakula kama gramu 250 za esansi kwa kila farasi kwa saa, kwa farasi 250 hiyo ni zaidi ya lita 84 kwa saa, gawanya kwa injekta nne inakuja sentimita za ujazo 351 kila dakika kwa kila injekta. Zangu za S14 ni 370. Zingekuwa zinafunguka asilimia 95 ya muda wote, hazipumziki, hazina akiba ya siku ya joto. Za S15 ni 480, zitafanya kazi asilimia 73. Hapo nalala.

Jumla: 480, 70, 150, 95, 105. Mia tisa kamili.

Mwezi wa 7, tarehe 6

Leo ni siku ndefu na nataka kuiandika yote.

Baridi ya asubuhi ya mwezi wa 7 mnaijua, tulianza saa mbili na makoti. Mimi na papa wa Kampemba, alikuja mwenyewe, alisema anataka kuona. Turbo ya zamani ilitoka kwa shida, boliti mbili za kolekta zilikuwa zimeshikana na kutu, joto na mafuta na subira mpaka zikaachia.

Kiisha tukafungua bomba la mafuta la zamani, lile linaloleta mafuta kutoka moteri mpaka juu ya turbo. Papa akaliangalia kwenye mwanga, akanipa bila kusema kitu. Ndani tundu lilikuwa limebaki dogo kama sindano. Kuta zake zimejaa makaa meusi ya mafuta yaliyopikika, na pale kwenye flenji, kipande cha silikoni nyekundu kimening'inia kimeziba zaidi ya nusu ya njia.

Silikoni ile niliipaka mimi. Mwezi wa 3 gasketi ilikuwa imekatika na nikaona nipake silikoni ili isivuje. Ikaminywa ndani, ikakauka, ikaanguka kwenye njia ya mafuta. Katriji ile ya dola 180 haikufa kwa sababu ni ya kuiga. Ilikufa kwa kiu. Na kama leo ningebadilisha turbo tu na kuacha bomba, kama karibu kila mtu anavyofanya, hii ya dola 480 ingekufa kwa kiu vilevile na ningeenda kumtukana mtu wa Dar.

Nilikaa chini kidogo. Papa akasema: «Umeona sasa. Turbo haijiuaki, inauliwaka.»

Basi tukafanya kazi kama inavyotakiwa. Bomba la zamani likatupwa. Gasketi za chuma tupu, silikoni hapana. Turbo ya gololi haitaki mafuta mengi kama ya bushi, ukiipa presha yote ya moteri mafuta yanapita kwenye sili na unapata tena moshi wa bluu, kwa hiyo kwenye njia ya kuingia tukaweka kizuizi chenye tundu la milimita 1. Njia ya kutoka ni kinyume, hiyo lazima iwe pana na iteremke moja kwa moja bila kona, juu mafuta hayasukumwi pale, yanaanguka tu kwa uzito wake. Maji pia tuliyaunganisha. Wapo wanaoyaziba kurahisisha kazi, lakini ukizima gari mafuta yanasimama na joto la tabini linapanda kwenye beringi, ni maji yanayoendelea kuzunguka pole pole yenyewe ndiyo yanalibeba.

Tukatoa interkula tukaisafisha na esansi mara tatu. Mara ya kwanza vilitoka vipande vidogo vya aluminiamu vya gurudumu la zamani vinang'aa ndani ya mafuta meusi. Hivyo vyote vingeenda kwenye silinda. Vidanji, yaani kubadilisha mafuta ya moteri, na filta mpya ya mafuta. Mwishoni tukachomoa plagi za umeme wa buji, tukasukuma stata mpaka mafuta yakaonekana yanatoka chini ya turbo, ndipo tukarudisha na kuwasha.

Iliwaka saa kumi na moja jioni. Hakuna moshi. Papa aliinama akasikiliza kwa muda mrefu, akanyanyua kidole gumba.

Mwezi wa 7, tarehe 8

Nimeenda kwa yule aliyeniuzia katriji mwezi wa 3. Nilimwonyesha picha ya bomba, nikamwomba msamaha mbele ya watu wale wale waliokuwepo. Alisema yameisha, ndugu yangu. Tulikunywa chai.

Mwezi wa 7, tarehe 13

Kuna kitu sikukihesabu. Injekta kubwa haziwekwi tu na kuwasha, kompyuta ya gari inadhani bado ni 370 na itamwaga esansi karibu theluthi moja zaidi. Lazima iandikwe upya, na fundi anayejua kompyuta za Nissan anataka dola 250 na nauli yake kutoka Kitwe, Zambia. Pesa imeisha. Ningejua ningeiweka juu kabisa ya orodha tangu siku ya kwanza, na mtu akisoma hapa naye anajenga gari aiweke: pesa ya kompyuta kwanza, ndipo turbo.

Kwa hiyo injekta za S15 zinangoja, gari iko na zake za zamani, na swali likawa, naweza kutumia presha kiasi gani kwa usalama? Nikarudi kwenye hesabu za usiku ule. Kiwandani S14 inasukuma bari 0.5, kwa hewa ya pwani hiyo ni 1.5 kamili, na injekta zake zilipangwa kwa hiyo. Huku 0.5 inanipa 1.38 tu. Ndiyo maana hata S14 nzima kabisa ikifika Lubumbashi inaonekana nzito, mtu anasema wamemuuzia moteri mbovu. Nikiweka 0.6 ninapata 1.48. Yaani kwa 0.6 ya geji yangu sijapita kiwanda, nimekirudia tu. Na kipimo cha hewa cha gari hii ni cha waya wa moto, kinapima uzito wa hewa, kwa hiyo kompyuta inajua yenyewe hewa ni nyepesi na inatoa esansi inayolingana.

0.6 basi.

Mwezi wa 7, tarehe 20

Njia ya Kipushi, alfajiri, barabara tupu. Gia ya tatu, 0.6 inafika kwenye mizunguko 3,100 na inabaki pale, sindano haitikisiki. Mchanganyiko 11.6, yaani sehemu 11.6 za hewa kwa moja ya esansi, mpaka juu. Hakuna kugonga. Kutoka 60 mpaka 100 kwa gia ya tatu, sekunde 4.6, na turbo iliyokufa ilikuwa 7.8, nilipima mwezi wa 4 mahali pale pale.

Sijui niiseme vipi hii, lakini ile hali ya kukanyaga kwenye 3,000 kisha mgongo unakaa kwenye kiti taratibu, bila mshtuko, na sauti ni upepo tu, hiyo njo niliitafuta. Papa alikuwa kiti cha abiria. Aliniambia nirudie, nikarudia mara tatu.

Mwezi wa 8, tarehe 17

Vumbi. Nilikuwa na filta ya wazi ile ya koni, inakaa karibu na taa, na mwezi huu vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye meno. Baada ya wiki nne nimepitisha kidole ndani ya bomba nyuma ya filta, kikatoka na rangi. Nimerudisha boksi la filta la kiwandani na filta ya karatasi, nimechonga njia ya hewa ya baridi kutoka mbele. Presha imefika kwenye 3,150 badala ya 3,100. Nimeikubali hiyo hasara bila kujiuliza mara mbili.

Mwezi wa 9, tarehe 28

Kilomita 2,400 tangu turbo iingie. Vidanji ya pili leo, nimekata filta ya mafuta nikaifungua juu ya gazeti, hakuna chuma. Shafti mbele na nyuma, kimya.

Papa amenipigia simu asubuhi. Kuna kijana kamletea Toyota Altezza, anataka HX35 ile ya dola mia. Papa hakumuuzia, amemwambia arudi Jumamosi na karatasi na kalamu, na mimi nije.

Kwa ajili ya fundi wa Kitwe nimeshaweka dola 90. Injekta ziko kwenye droo, nimezifunga kitambaa chenye mafuta ili zisishike kutu mvua zikianza, na kwenye geji nimebandika kipande cha utepe mwekundu pale kwenye 0.6.